Mashine Nunua, Muringa Uache

Scarborough, Toronto,
Kanada.
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Festus,

Pokea salamu zangu na za mama yako mkubwa Wamaitha. Hamjambo huko Kangema? Mkeo Kemunto amepona mkono? Na mvua je, imeanza, au bado mnatazama juu? Huku theluji inafika magotini na mimi sitoki nje tena. Moyo wangu umechoka, Festus. Daktari aliniambia kwa upole, nami nikamshukuru kwa kutonizungusha. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka.

Nilipata barua yako na picha za zile mashine tatu za kukereza mbao. Nilifurahi kwamba umeniuliza kabla ya kununua. Watu wengi huuliza baadaye.

Ile ya buluu achana nayo. Miguu yake ni bati lililokunjwa. Gogo kubwa ambalo bado halijawa duara lina upande mmoja mzito, na mashine nyepesi italibeba huku ikitembea sakafuni kama mbuzi aliyekata kamba. Kwa kazi kubwa unataka chuma cha kusubu, kizito kiasi kwamba wanaume wanne wakiitazama waanze kutegeana. Kisha uifunge kwa bolti kwenye sakafu nene ya saruji.

Ya pili ni nzito, ila pima mwenyewe kutoka katikati ya mhimili hadi kwenye kitanda, yaani ule uti wa chuma ulio chini yake. Muuzaji atakutajia upana wa duara zima. Wewe unataka nusu yake, maana hapo ndipo gogo litapita au litakwama. Tena mashine hiyo huanza kwa kasi mno. Gogo la upana wa meza lianze taratibu, kama mtu anayekoroga uji, ndipo uongeze. Nimewahi kuona kipande kikichomoka na kutoboa mlango wa gereji. Mlango ulikuwa wangu.

Ya tatu ndiyo. Kichwa chake huteleza hadi mwisho wa kitanda, hivyo kipande kikubwa kinaning'inia nje bila kugusa kitu. Muulize fundi umeme kama laini ya hapo nyumbani itaiweza mota yake. Na kabla hujalipa, izime, zungusha mhimili kwa mkono, uweke sikio. Beringi nzuri hazisemi chochote. Ukisikia mkwaruzo, nenda zako.

Sasa nije kwenye hilo la kusikia. Nilifundisha fizikia nusu ya maisha yangu, na haya sijamwambia mtu, hata mchungaji. Nakwambia wewe kwa sababu umeandika kwamba mashine ni ya kukereza ule mti wa muringa ulio katikati ya shamba, upate mabakuli na meza za hoteli ya Naivasha.

Barabara yetu hapa ilikuwa na miti ya aina moja pande zote mbili. Akaja mdudu wa kijani kutoka ng'ambo, akaila kwa ndani, na watu wa jiji wakawa wanaikata mmoja baada ya mwingine. Ukabaki ule wa mbele ya nyumba yetu. Ulipoangushwa niliomba kipande cha shina, wakanipa. Jirani yangu Cajetan, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, alinisaidia kukiviringisha hadi gereji.

Ilikuwa mchana, jua la baridi limejaa mlangoni. Nilifunga gogo kwenye mashine yangu, nikalizungusha kwa mkono kwanza. Beringi zilikuwa kimya. Lakini ndani ya mti mtu akauliza, kwa Kikuyu cha mama yangu, "Tutakaa wapi?"

Nilimtazama Cajetan. Alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani.

"Mwalimu," akasema, "umeficha mwanamke kwenye hili gogo?"

"Umesikia nini?"

"Kikonkani, lugha ya mama yangu. Anauliza watakaa wapi." Akajaribu kucheka. "Mwambie Toronto kodi imepanda."

Hapo ndipo nilipokosea, Festus. Mimi ni mtoto wa nyumba ambayo mgeni hakuachwa mlangoni. Swali lilirudi, safari hii sauti nyingi pamoja, za watu waliochoka kusimama. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema, "Karibuni."

Gogo likanyamaza. Cajetan akavaa kofia yake akaenda kwao bila kuaga, na hadi leo tukikutana tunazungumza habari za magoti yetu. Nililikereza gogo lote. Lilitoa bakuli jeupe, zuri sana, Wamaitha hulitilia machungwa. Halijawahi kusema neno. Hawamo humo.

Wamo ndani yangu. Haiumi. Ni kama nyumba yenye wageni wanaojitahidi wasipige kelele. Mwezi uliopita daktari aliweka chombo chake kifuani pangu, akakitoa masikioni, akaniuliza, "Umesema kitu, mzee?" Nikamwambia hapana, na nilikuwa nasema kweli. Wamaitha, ambaye alikuwa muuguzi na hashtuki ovyo, halazi tena kichwa chake hapa kifuani. Hajaniambia kwa nini, nami sijamuuliza.

Babu yetu alipofyeka msitu wa hapo kwenu hakukata miti yote. Aliuacha muringa ule ili roho za miti mingine zipate pa kukaa, maana zikikosa mahali huingia kwa watu. Mtu akilazimika kuukata mti wa namna hiyo, mzee huegemeza fimbo kwenye shina, akaziomba roho zihame, akaibeba fimbo, nazo zimo ndani yake, hadi kwenye mti mwingine. Baba alinieleza haya nikiwa kidato cha pili, nikamcheka. Siku ile barabara yetu ilihitaji mzee wa kazi hiyo. Nilikuwepo mimi, nami nilitaka bakuli.

Sasa mimi ndiye mti uliobaki, na ninaanguka. Wakinitoka watauliza tena, na kando ya kitanda atakuwepo mjukuu wangu Lynette. Huyu ukimwongelesha Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, lakini juzi alisimama mlangoni akauliza, "Babu, ni nani anayetafuta nyumba?" Nikamwambia ni redio. Redio ilikuwa imezimwa. Ni mtoto mwenye adabu, Festus. Atawaambia karibuni.

Kwa hiyo jana asubuhi niliegemeza fimbo begani pangu, nikawaomba kwa yale maneno machache ninayokumbuka. Kifua kimekuwa chepesi. Fimbo siwezi tena kuiinua kwa mkono mmoja, ingawa huenda ni udhaifu wangu tu. Nimempa Kiptoo, rafiki wa kanisani anayekuja Nairobi mwezi ujao, akuletee. Nimemchagua kwa kuwa masikio yake ni mazito. Barua hii naitanguliza ili ikukute kabla hujanoa msumeno.

Najua umeshawapa watu wa hoteli neno lako, na najua muringa ni mti mzuri kuliko yote uliyo nayo. Nakunyima kazi kubwa ya maisha yako, na sina cha kukulipa. Kereza mikaratusi ya kule mtoni, kereza parachichi. Waambie wa Naivasha kwamba mzee wako wa Kanada amekataza. Nilaumiwe mimi, sitakuwepo kusikia.

Ukipokea fimbo usiingie nayo ndani ya nyumba. Nenda nayo moja kwa moja shambani, iegemeze kwenye shina, uiache hapo ioze. Wakiuliza, wewe nyamaza. Uache muringa ujibu.

Nisalimie Kemunto na watoto, shangazi yako Wanjeri, na Gitonga wa dukani kama bado ananikumbuka. Wamaitha anasema mle vizuri. Mungu akulinde na akuache na vidole vyote kumi hadi uzeeni.

Mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda kama aliyekuzaa,

Gerishon