Uso wa Baba Siku ya Harusi

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa. Kwenye cherehani ya Baba sasa nakaa mimi, na wateja wanalalamika kwamba suruali zangu zinapishana urefu wa miguu.

Mikono ya Baba inatetemeka, basi nikampeleka hospitali. Daktari alimwambia afunge vifungo vya shati, akamkazia macho usoni, akasema ni ugonjwa wa Parkinson. Unaanzia kwenye ubongo, unakakamaza misuli, hata ya uso. Mtu anafurahi moyoni, uso umeganda. Kwa Baba ulianza zamani, kabla ya mikono.

Nikakumbuka harusi yako. Ulisema Baba amenuna kwa kuwa hamtaki mkeo, ukahama, hujarudi.

Jana nilimwuliza kwa nini alinuna. Akanijibu polepole, "Siku ile nilitabasamu mpaka mwisho. Kwani hakuniona?"

Mdogo wako wa cherehani