Yaliyompata Sosthenes Ng'ambo ya Rusumo

Nakwa, Babati,
Manyara.
15 Juni 2025

Mpendwa Dada Modesta,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji Wolfgang na watoto hamjambo huko Sumbawanga, na kwamba ile presha yako imetulia. Hapa kwetu baridi ya mwezi huu ni kali, ila mbaazi zimeweka maua vizuri. Mimi ni mzima wa mwili. Habari ya roho sitaki kukudanganya.

Kila ukipiga simu unamwulizia mdogo wetu Sosthenes, na kila mara tunakuambia amelala. Dada, hakuna mtu anayelala hivyo. Baba mdogo Raphael ndiye aliyesema usiambiwe, usije ukashtuka, nasi tukaitikia kama kondoo. Nimechoka kuitikia. Wewe ndiye uliyetulea tangu mama alipofariki, huwezi kuwa wa mwisho kujua. Kaa chini kwanza, umwite na shemeji akae karibu, ndipo uendelee kusoma.

Mguu wa Sosthenes haukuvunjika kama tulivyokuambia. Ulikatwa, juu ya goti.

Ilikuwa mwezi wa pili. Baltazar, yule mwalimu rafiki yetu wa Singe, alialikwa harusini Kigali na mtu aliyesoma naye chuo, akatuomba tumsindikize. Unamjua mdogo wako na pikipiki. Alisema harusi ya nchi nyingine haiendwi kwa basi kama gunia la vitunguu. Mkewe Tabitha alinung'unika kidogo, kisha akatufungia chapati. Tuliondoka watatu, kila mtu na pikipiki yake, tukalala Kahama.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe. Tulitoka alfajiri, tukapita Ushirombo, tukanywa chai Nyakanazi tukiwa tumejaa vumbi la malori hadi kwenye nyusi. Sosthenes alikuwa akiimba ndani ya helmeti, tena vibaya, na Baltazar akimpigia honi anyamaze. Mpakani tukagongewa mihuri. Tulipokuwa tunavuka daraja la Rusumo alisimama juu ya pikipiki kama mtoto, akayapungia mkono maji yanayoporomoka kule chini. Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya ndoa yake.

Kule magari hupita upande wa kulia. Tulilijua hilo, usifikiri hatukulijua. Askari wa mpakani alituonya, na Baltazar alitusomesha kama wanafunzi wake wa darasa la pili. Penye malori haikuwa shida, unamfuata tu aliye mbele yako. Shida ni barabara tupu. Tulisimama kwenye kibanda tukala mishkaki na ndizi za kuchoma, tukataniana, tukavaa helmeti, tukaondoka. Hapakuwa na gari hata moja. Wote watatu, dada, tulishika kushoto, na hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa kama tunakwenda Bonga kumsalimia shangazi. Sosthenes alikuwa mbele. Kwenye kona likatokea lori, nalo lilikuwa upande wake wa haki.

Mimi na Baltazar tulipata nafasi ya kuingia majanini. Tofauti yetu na yeye ni hiyo tu, kwamba yeye alitangulia. Watu wanaokuja kumpa pole wanasema Sosthenes alikuwa mzembe, alipenda mwendo. Nimewaeleza mpaka nimekauka koo kwamba kosa lilikuwa letu sote. Wananitazama kama ninamtetea ndugu yangu. Wengine wanasema Mungu ana makusudi yake. Ningependa kuyajua, maana mimi siyaoni.

Madaktari wa kule walihangaika naye sana, sina la kuwalaumu. Kidonda kimepona. Yeye ndiye hajapona. Hataki kutoka ndani, hataki magongo aliyoletewa na kanisa, hata kunyoa hataki. Baltazar huja kila Jumapili baada ya ibada, akakaa kwenye ngazi mpaka jua lizame, akaondoka bila kuingia. Namwelewa. Mimi mwenyewe nikitembea mbele ya Sosthenes naona aibu kwa miguu yangu miwili.

Alimwambia Tabitha arudi kwao Mbulu akaolewe na mtu mzima. Tabitha akamjibu, "Mimi siendi kokote, Baba Josephina. Kula." Lakini hali. Makande anayoyapenda yanapelekwa ya moto na kurudishwa ya baridi. Amebaki mifupa, dada. Juzi nilijaribu kumlisha uji kwa kijiko. Akaushika mkono wangu taratibu, akasema, "Kaka, siku nyingine mkinikuta nimelala barabarani, mpite." Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi ili mtoto asinione.

Ninaogopa tutamzika. Nimeliandika neno hilo sasa, kwa sababu hapa nyumbani hakuna anayethubutu kulitamka. Njoo, dada. Ukikaripia tangu zamani yeye husikia, sisi wengine sauti zetu zimemwishia maana. Kama presha inakuzuia kusafiri sitakulaumu, ila nitakuwa sijui mlango mwingine wa kubisha.

Nisalimie shemeji Wolfgang, Noela na Irine. Baba mdogo anakusalimu, na akijua nimekuandikia haya atanifukuza, basi na anifukuze. Tabitha anakuamkia shikamoo, na mtoto Josephina pia, siku hizi anaongea sana. Mungu awalinde nyote na akupe nguvu ya kuyabeba haya niliyokutwisha.

Kabla ya kufunga nilimwuliza Sosthenes nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Aligeukia ukutani.

Mdogo wako akupendaye daima,
Hezekia