Bwana Harusi wa Kituo cha Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Kituo cha tatu, dakika kumi za kusikiliza. Shore wawili, njiwa mmoja. Bwana Harusi — sifuri tena. Mwaka wa pili huu! Jina tulimpa ndege huyu kwa mavazi yake: mgongo wa kijani, kifua cha njano, koo la buluu. Zamani alidaka wadudu juu ya kichwa changu huku akiimba kwa sauti nyembamba kama uzi. Miaka ishirini na miwili nahesabu ndege kwa masikio, na huyu ndiye kipenzi changu. Mkuu wa utafiti anasema Ijumaa atatuma ripoti: Bwana Harusi ametoweka msituni humu. Nimesikitika kweli.

Jumanne, 5 Machi
Mama watoto kanijia juu. Eti birika limepiga filimbi mpaka maji yakakaribia kukauka, nami nimeketi kando yake nakata kucha. Nikasema filimbi imeharibika. Akaliepua mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwona! Kituo cha tatu, tawi la chini, hatua nne tu. Kammeza kiwavi, kapangusa mdomo kwenye gome. Kisha akaufungua. Koo likatetemeka. Kimya.
Nikadhani anapiga miayo.
Dereva akaja kunichukua, analalamika: kadege haka kanamtoboa masikio kila siku, mimi nakavumiliaje?
Kwenye fomu nikaandika sifuri. Mkono umezoea.

Alhamisi, 7 Machi
Sauti za watu nazipata. Redio naipata. Ni zile nyembamba zimeniacha, wala sijui tangu lini. Bwana Harusi hajaenda popote.
Naogopa. Mhesabu ndege asiyesikia atapewa kazi gani — kufagia ofisi? Mama watoto kasema nimwambie Mkuu leo leo. Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikaulizia betri za tochi.

Ijumaa, 8 Machi
Kituo cha tatu. Mkuu kaja mwenyewe, asikilize mara ya mwisho kabla ya kutuma ripoti. Shajara nimeiweka juu ya fomu, anadhani najaza. Dereva yuko nyuma yetu, anachezea funguo.
Dakika ya nne. Mkuu ameinua kidole. Uso umemchangamka.
“Unamsikia?” ananiuliza.
Natafuta mdomo uliofunguka, tawi kwa tawi. Simwoni. Dereva kaacha kuchezea funguo.
Mkuu ameshusha kidole, anaitazama karatasi yangu, kisha mimi. Anauliza tena, taratibu. Nimefungua mdomo —