Siku Tatu Bila Maji

Jumatatu, 1 Juni

Wote tumeamka wazima. Baba Aline mzima, mgongo tu unamsumbua, ameshatoka kwenda kwenye ujenzi. Mama mkwe mzima, amemaliza uji na kudai mwingine. Kevin mzima, kaenda shule na soksi mbili tofauti. Mimi mzima. Aline mzima isipokuwa sauti. Tangu jana baada ya ibada inakwaruza. Kiangazi kimeingia, mtaa wetu wa Kagugu wote vumbi, nguo nyeupe hazianikiki. Nafikiri ni vumbi.

Zimebaki siku kumi na tisa. Tarehe 20 Aline ataimba mbele ya walimu wa shule ya muziki, wachague. Wanaotaka ni wengi, nafasi chache. Nina hofu kama ni mimi ninayekwenda kuimba.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, kule Karagwe nilikokulia, mpaka darasa la tano. Kinyarwanda nakiongea, kukiandika kunanishinda. Na humu ndani hakuna anayesoma Kiswahili. Afadhali.

Jumatano, 3 Juni

Nimemsindikiza Aline mpaka Remera kwa mwalimu wake wa kuimba, Mwalimu Diane. Mara ya kwanza kumwona akifundisha. Nilitegemea kusikia nyimbo. Hakuna wimbo. Kampa kikombe cha maji na mrija, anapuliza huku anaguna, juu, chini, juu, chini. Maji yanachemka povu. Nusu saa nzima. Halafu kuhema. Kumshika mbavu, kumwambia pumzi ianzie huku chini, shingo iache ilale. Asipige kelele. Asijikohoze. Anywe maji kidogo kidogo kutwa nzima, hata kama hana kiu. Akisikia mkwaruzo, aache kuimba.

Aache kuimba! Na siku zinahesabika.

Nyumbani karudia ile ya mrija. Mama mkwe kasema, "Mlimpeleka kujifunza kuimba au kunywesha ng'ombe?" Kevin akawa ng'ombe mpaka nikamfukuza nje. Hata Aline kacheka. Kicheko chake kimekatika katikati. Sikupenda.

Ijumaa, 5 Juni

Kikundi chetu cha akina mama cha maombi. Nilisimama nikasema haja yangu. Mama Esperance, kiongozi wetu, alinitania kwanza, "Mama Aline, huyo mtoto akifika kwenye televisheni msije mkajifanya hamtujui." Wakacheka. Halafu wakaniuliza nataka tufanye nini.

Ni mimi niliyesema. Naliandika hapa nisije baadaye nikasema ni wao. Nilisema tufunge kavu, siku tatu, bila chakula na bila hata tone la maji, Jumatatu mpaka Jumatano. Na Aline naye afunge, maana sauti ni yake. Kikundi kizima kikaitika amina.

Nimemwambia Aline jioni. Kasema, mama, mwalimu kasema maji. Nikamjibu, kwani maji ndiyo yaliyokupa sauti? Kakubali. Ni mtoto mtiifu. Miaka kumi na tisa, bado mtiifu.

Jumatatu, 8 Juni

Siku ya kwanza. Midomo imenikauka nikiwa bado napiga pasi kule Kiyovu ninakofanya kazi. Bosi kaniuliza kama naumwa. Moyo mwepesi lakini. Aline kaenda mazoezi ya korali, kwaya ya kanisani, jioni.

Jumanne, 9 Juni

Kichwa. Aline kalala mchana. Jioni korali tena.

Jumatano, 10 Juni

Nilikuwepo. Nilipitia kanisani kumchukua ili tukafungue pamoja nyumbani, nimeshapika dodo, ule mchicha wetu, na viazi. Wanaimba ule wimbo wenye kupanda sana mwishoni, sauti ya kwanza inabaki peke yake juu. Mwalimu wa korali anapiga makofi, "Toa! Toa yote!" Aline katoa. Mishipa ya shingo imesimama. Halafu pakawa kimya. Si kwamba sauti ilikwaruza. Ilizimika, mdomo uko wazi. Wengine waliendelea kidogo, hawakujua.

Alinitazama mimi. Hakumtazama mwalimu.

Tumefungua saa moja. Kanywa vikombe vinne vya maji bila kupumua.

Alhamisi, 11 Juni

Hatoi kitu. Nimemwambia anong'one tu, apumzishe sauti. Mama mkwe kampondea tangawizi mbichi na limau, kampa na yai bichi juu yake. Kameza, machozi yanamtoka. Anasema kwa kunong'ona kwamba inachoma. Nikamwambia inayochoma ndiyo inayotibu.

Jumapili, 14 Juni

Siku nne ananong'ona. Hakwenda kuimba. Watu kanisani wananipa mkono kama nimefiwa. Mwalimu wa korali kasema sauti inakomaa, hata yeye ilimtokea, ikirudi itakuwa na nguvu. Nilitaka sana kumwamini.

Jumatatu, 15 Juni

Mwalimu Diane alipiga simu, Aline akamjibu kwa kunong'ona. Yule dada hakumaliza sentensi, kachukua moto, pikipiki ya abiria, kaja mwenyewe mpaka mlangoni. Katupeleka kwa daktari wa koo.

Wamemwingiza kamera nyembamba puani. Nimeona kwenye kioo cha mashine. Nyuzi mbili za sauti. Mmoja mweupe. Mwingine mwekundu kabisa, kama kidole kilichobanwa mlangoni. Daktari kasema ni damu, mshipa mdogo umepasuka ndani. Kimya siku kumi na nne. Kimya chote. Na kunong'ona marufuku, kunachosha koo.

Siku nne. Ni mimi niliyemwambia anong'one.

Halafu kauliza, siku zile kabla sauti haijazimika alikuwa anakunywa maji vizuri? Nikasema ndiyo, kama kawaida. Imenitoka tu. Daktari akamgeukia Aline, ni kweli? Aline kanitazama. Katikisa kichwa kukubali.

Nimedanganya mbele ya daktari na mwanangu kanifichia. Sijala.

Jumatano, 17 Juni

Nyumba imekuwa kama ya wageni. Kevin anaongea kwa sauti ndogo bila kuambiwa. Nimemnunulia Aline daftari aandike anachotaka. Anaandika Kinyarwanda, haraka, herufi za kishule. Mimi nasoma kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Uji. Ndiyo. Hapana. Mwambie Kevin afunge mlango.

Jumamosi, 20 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa tatu asubuhi wangemwita. Saa tatu alikuwa anaosha vyombo. Nilitaka kuosha mimi, akanisukuma mkono. Kwa upole, lakini alinisukuma.

Baadaye kaandika kirefu, kaniwekea daftari mezani, katoka. Nimesoma mpaka maharage yakaungua. Kaandika hivi, nageuza kwa Kiswahili mimi mwenyewe: Mama, sikasiriki kwa sababu ya kufunga. Nilifunga kwa hiari. Nakasirika kwa sababu daktari ananitibu bila kujua, na Mwalimu Diane anafikiri sikumsikiliza. Kila mtu anadhani nimejiharibia mwenyewe. Wewe una sauti. Sema.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu haikuwa ngumu hata kidogo.

Jumatatu, 22 Juni

Nimeenda peke yangu kwa daktari. Nimesubiri mpaka saa saba. Nikamwambia yote, maji, kunong'ona, tangawizi, yai. Nilidhani atanifokea. Aliandika tu. Kasema wenye koo lililokauka namna hiyo anawaona wengi, wengi ni watu wa korali. Nikamuuliza kama ningempa maji isingetokea. Kasema, "Mama, hilo siwezi kukuhakikishia." Afadhali angenifokea tu.

Nikapita Remera kwa Mwalimu Diane. Naye nikamwambia. Kalia. Mimi sikulia, sijui kwa nini.

Ijumaa, 26 Juni

Kikundi cha akina mama. Nimesimama nikasema anayetumia sauti asifunge kavu, na kwamba kosa nilileta mimi. Mama Esperance kasema, taratibu kabisa, "Mama Aline, usimpe Mungu lawama za koo." Nikasema simpi Mungu, najipa mimi. Wakaimba wimbo ili nikae. Mtoto wa jirani wa Mama Esperance naye yuko kwenye korali, wiki ijayo anafunga. Sijui kama nimesaidia hata mmoja.

Baba Aline kanisubiri nje na mwavuli wa jua wa mama mkwe, eti nisichomeke. Tumetembea.

Jumatatu, 29 Juni

Kamera tena. Damu imepungua, imeacha uvimbe kama mbegu ya nyanya. Daktari kasema tusubiri miezi mitatu. Sauti ya kuongea itarudi. Ile ya juu kabisa, huenda ndiyo, huenda hapana. Kwa sasa aongee dakika tano kwa siku, basi.

Dakika tano. Nimezunguka nazo kichwani njia nzima.

Jumanne, 30 Juni

Nilidhani atazitumia kwangu. Saa tisa kachukua simu, kapiga shule ya muziki. Kawaambia tarehe 20 hakufika kwa sababu ya koo, mwaka huu hataweza, wasimngoje, kama kuna mwaka mwingine atawaambia. Sauti nzito, ina mchanga ndani. Ningeisikia barabarani nisingegeuka. Mimi niko jikoni namenya viazi, macho kwenye saa ya ukutani. Kawashukuru. Dakika nne.

Kaja jikoni, kasimama mlangoni.

"Mama, kaa."

Nikakaa. Naye akavuta kigoda, akachukua kisu kingine. Tukamenya. Dakika iliyobaki ikaisha hivyo.