Pini Niliyoirudisha

Mama mdogo wangu,

Fundi kutoka Mbeya ameondoka leo asubuhi. Mtambo wa kuzimia moto juu ya majiko sasa ni mzima. Amesafisha mabomba kwa maji, ameweka mtungi mpya, na mshale wa kipimo chake umesimama kwenye kijani. Jiko linanukia sabuni. Wewe hupo, na mimi najua kwa nini.

Unakumbuka mwezi wangu wa kwanza hapa hotelini? Ulinirudisha mara tatu kwenye kikaangio kimoja cha chipsi. Ulipitisha kidole chini yake, ukanionyesha mafuta. Nilikuchukia siku ile. "Safisha mpaka mtu asijue kama palipikwa," ulizoea kusema. Wenzangu walikuita Mama Ukaguzi, nawe ulijua, ukajifanya husikii.

Basi nilijifunza. Wiki ile uliyokwenda Inyonga kumwona baba mdogo, niliacha mafuta motoni, yakawaka. Nikachomoa pini inayofunga mpini wa dharura, nikauvuta mpini, mtambo ukamwaga dawa yote. Moto ukazimika, hakuna aliyeungua. Ila dawa ilitapakaa kila mahali, inateleza kama mlenda, ukutani, kwenye masufuria, mpaka chini ya friji. Meneja akasema fundi ataitwa, lakini kesho yake kuna wageni wa semina, lazima tupike, na habari zisitoke nje. Nikasugua kutwa nzima kwa maji ya moto na siki. Hata midomo ya mabomba niliifuta, nikaifunika vifuniko vyake. Pini niliiokota sakafuni, nikaiosha, nikairudisha mahali pake. Mtungi ulikuwa mtupu ndani ya kabati lake la bati, na nje kila kitu kiling'aa.

Ulirudi Jumatatu na dumu la asali, fundi hajafika bado. Ulisimama mlangoni ukatazama ukuta, ukatazama juu kwenye mabomba. Siku hiyo hukupitisha kidole.

"Mwanangu, sasa umekuwa mpishi," ukasema.

Nilikuwa na neno mdomoni, mama mdogo. Nililimeza, maana sifa yako ilikuwa tamu, na nilijua nikisema tu nitaipoteza. Nikatoka uani kumenya viazi. Nilikuwa sijamaliza hata ndoo moja niliposikia unapiga kelele za moto jikoni.

Hospitali, siku ya pili, mikono yako ikiwa imefungwa bandeji mpaka viwikoni, uliniambia polepole, "Nilivuta. Hakikutoka kitu." Hukuniuliza kwa nini. Kesho yake ukafariki.

Msibani meneja alisimama akasema marehemu alipatwa na hofu, akasahau kuvuta mpini. Wewe na kusahau, wapi na wapi. Baba mdogo aliinamisha kichwa, kama mtu anayemwonea mkewe aibu. Mimi nilikuwa na akina mama nachambua mchele, nikanyamaza. Sasa Inyonga nzima inaamini hivyo, na baba mdogo anaamini hivyo.

Leo fundi aliniuliza nani aliyerudisha ile pini. Nikasema mimi. Akaniambia mtambo ukishamwaga, pini hairudishwi mpaka mtungi ujazwe, na jiko halipaswi kuwashwa, ili kila anayeingia ajue hakuna kinga. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Dumu lako bado lipo chini ya meza, sijalifungua. Kesho napanda nalo basi la Inyonga. Kazi hapa najua imekwisha, na baba mdogo sijui atanifanya nini. Naogopa. Lakini nitakaa mbele yake nimwambie kwamba ulivuta. Halafu nitamwambia nani alikufanya uamini kuwa mtungi umejaa.

Pumzika, mama mdogo.

Mwanao uliyemfundisha kusafisha