Helmeti Mpya ya Penieli

Ohio, 14 Agosti 2022

Dada Vaosa,

Shikamoo dada. Mimi mzima, nakula hadi wapishi wa bweni la chuo wananiogopa. Nyumbani hamjambo? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mdogo wetu Iakopo ameacha uvivu?

Leo tumegawiwa helmeti mpya za futiboli ya Kimarekani. Dada, si zile za shuleni Leone, kisiwani kwetu, tulizorithishana mpaka zikanuka kama samaki wa kiwanda unachofanyia kazi. Safari hii nimepimwa kichwa kwa mashine, na sponji za ndani zikatengenezwa zifuate umbo la kichwa changu mimi peke yangu. Ganda la nje likigongwa linabonyea kidogo, kisha linarudi. Mdomoni navaa kinga ya meno yenye kifaa kinachopeleka habari kwenye kompyuta kila nikigongwa. Mwambie Baba alale usingizi. Yeye alicheza raga kichwa wazi, na bado anahutubia baraza la kijiji bila kumeza neno.

Mwambie Mama nimepangwa kikosi cha kwanza. Safu ya mbele, palepale penye vurugu.

Mdogo wako,
Penieli


Leone, 2 Septemba 2022

Mdogo wangu Penieli,

Marahaba. Tupo, tunamshukuru Mungu. Mguu wa Mama bado unavimba, lakini mchungaji alipotaja jina lako Jumapili, Mama alisimama akacheza, kwa hiyo usidanganywe na malalamiko yake. Baba ameitundika picha yako ya helmeti ukutani, karibu na ya Babu. Iakopo siku hizi anakimbia ufukweni asubuhi. Anasema atakupita kwa ukubwa. Nikamwambia kwa tumbo ameshakupita, bado miguu.

Nina swali la kijinga. Nazi ukiizungushia godoro ukaibamiza chini, haipasuki. Sawa. Lakini maji yake si yanatikisika vilevile? Waulize hao wenye mashine.

Dada yako,
Vaosa


Ohio, 20 Novemba 2022

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Huku theluji imeanza, masikio yanauma. Natumaini nyote mnaendelea vizuri.

Nilimuuliza daktari wa timu swali lako. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Dada yako ana haki ya kuuliza. Helmeti inazuia fuvu lisipasuke, na inapunguza kishindo. Ubongo kutikisika humo ndani, hakuna kofia iliyoweza kuuzuia kabisa."

Nikamwambia, "Sasa hii tunayovaa ni nini?"

"Ni bora kuliko zote zilizopo," akasema, akaendelea kufunga mkoba wake.

Tena, tangu tuvae hizi, watu wanagongana vichwa bila woga. Mwezi uliopita niligongwa, uwanja wote ukawa mweupe kama nimemwagiwa maziwa machoni. Kifaa kilitoa taarifa, wakaniweka nje kidogo, wakaniuliza maswali, nikajibu. Nikarudi. Tangu hapo nimegongwa tena na tena, mapigo madogo tu, kifaa hakisemi kitu, nami sisemi. Ukisema sana, nafasi yako anapewa mwingine. Baba usimwambie.

Mdogo wako,
Penieli


Leone, 15 Februari 2023

Penieli mdogo wangu,

U hali gani? Nauliza kweli, si kwa mazoea.

Jumapili ulipopiga simu ulimuuliza Mama kama Bibi amekula. Bibi tulimzika kabla hujaondoka. Wewe ulibeba jeneza upande wa kichwa. Mama alikujibu amekula, ameshiba, kisha akaenda jikoni akafunga mlango.

Baba nimemwambia. Alisema, "Amechoka tu. Mtu harudi nyumbani katikati ya mazoezi. Wazee wenzangu nitawaambia nini?"

Rudi. Kwetu kaka hamkatalii dada yake, na sijawahi kukudai haki hiyo hata siku moja. Leo naidai.

Dada yako,
Vaosa


Carson, California, 9 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa Mjomba Sefo, maana herufi zinanirukaruka. Salamu kwa wote.

Nilikukatalia. Sasa unaona.

Mwezi uliopita niliangushwa, nikaamka hospitali. Helmeti haikupata hata mkwaruzo. Wameniondoa kwenye timu, chuo nimeondoka, niko hapa kwa Mjomba. Mapazia tunayafunga mchana. Juzi nilitoboa ukuta kwa ngumi kwa sababu bomba lilikuwa linadondosha maji. Mjomba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Watoto wake wamehamishiwa kwa shangazi yao.

Sikiliza. Iakopo asicheze. Hata wakimletea helmeti ya dhahabu, asicheze. Mwambie Baba ni mimi nimesema, na nimesema nikiwa na akili zangu. Leo ni siku nzuri. Sijui nitapata nyingine lini.

Mdogo wako,
Penieli


Carson, 3 Mei 2024

Dada yangu Vaosa,

Shikamoo! Mimi mzima kabisa, hofu ni kwenu tu. Mama? Baba? Mvua zinanyesha?

Leo naandika mwenyewe, Mjomba yuko kazini. Makocha wamenipigia simu! Watu wazuri sana wale. Wanamtaka Iakopo. Nikawaambia yule ana miguu kunishinda mimi, mchukueni kabla wengine hawajamwona. Wana helmeti mpya zaidi, wanasema ile yangu sasa ni ya kizamani.

Nasikia kuna mtu hapo nyumbani anamzuia. Ni nani huyo? Ni wivu tu. Nimeshamwandikia Baba asisikilize maneno ya watu. Mimi nimecheza tangu shuleni na kichwa hakijawahi kuniuma.

Mdogo wako akupendaye,
Penieli


Leone, 11 Agosti 2024

Mdogo wangu Penieli,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua zimenyesha, majimbi yamekubali.

Barua uliyomwandikia Baba mwezi Mei aliisoma kanisani mbele ya watu wote. Walipiga makofi. Mama alilia, sikumuuliza analia nini. Ile ya Oktoba nilikuwa nimemsomea Baba siku ilipofika, akatoka nje. Safari hii alikuja kwangu amenyoosha kidole. "Unaona? Kaka yake mwenyewe ameruhusu."

Iakopo ameondoka jana. Uwanja wa ndege nilimvuta pembeni, nikampa ile ya Oktoba, nikamwambia asome yote. Akaisoma, midomo ikimcheza. Akaikunja taratibu, akanirudishia mkononi.

"Dada, hii Kaka aliandika akiwa mgonjwa," akasema. "Ya Mei ndiyo ameandika amepona."

Akavua shingoni shada la maua tulilomvisha kumuaga, akanivisha mimi, kisha akainama, maana ni mrefu sana sasa, ili nimbusu kichwani.

Nikambusu. Akapanda ndege.

Dada yako,
Vaosa