Dada Thet Wai, Mkono Chini ya Shuka

Mwaka umezunguka, Dada Thet Wai, tangu ulipotutoka hapa mjini Monywa, na nyumba hii bado imepigwa na bumbuwazi. Mtu anatoka kazini, anakula vijiko viwili vya wali, anasema amechoka, na kesho yake tunambeba? Hatujaelewa mpaka leo.

Wodi ya macho wagonjwa bado wanakuulizia. Ulikuwa muuguzi wa ganzi, lakini ukishatia matone ya ganzi hukuondoka. Ulipenyeza mkono chini ya shuka ukamshika mgonjwa mpaka daktari amalize kutoa mtoto wa jicho. Mama naye ulimwahidi mkono huo zamu yake ikifika, maana jicho lake moja lilikuwa limeshazima na la pili linafifia.

"Bibi, inauma?" ulikuwa ukiuliza.

"Haiumi kabisa, mwanangu. Endeleeni."

"Haiumi, na vidole vya miguu umevikunja kama mkwea mtende? Daktari, subiri kidogo. Adabu ya huyu ina nguvu kuliko ganzi yangu."

Kisha, wakimaliza, unamtolea kipande cha sukari guru mfukoni, kina nyuzi za sare yako.

Ulijua tulivyo. Hapa kwetu mtu huona haya kumsumbua mwenzake, hata anayemkata. Baba yetu, U Tun Kyaing, alipasuliwa jicho kwenye ukumbi wa monasteri, nyumba ya watawa, ganzi haijakolea, akanyamaza ili asimchoshe daktari aliyetoka mbali. Mwisho mwili ukamshinda, kichwa kikaruka, jicho likaenda. Na ni yeye aliyemwomba daktari radhi! Mdogo wako Zeya hajalisahau hilo, wala halisamehe. Wewe ulikwenda kusomea ganzi kwa sababu ya siku ile.

Sasa tuambie. Uliyewafundisha wazee wa mji huu kusema "inauma", ulishikwa na tumbo siku tatu ukanyamaza vipi? Zeya alikukuta umejiinamia jikoni.

"Dada, una nini?"

"Uchovu tu. Punguza sauti, Mama amelala."

"Twende hospitali."

"Nashinda huko kila siku, bado hujatosheka? Hebu kaoge, unanuka kama kapu la samaki."

Akacheka. Zeya alicheka, Dada! Kulipokucha kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na waliokupokea hospitalini walikuwa wenzako wenyewe, wanalia.

Mazishini watu wakakusifu: mvumilivu, hakumsumbua mtu. Zeya akasimama akawaambia wanyamaze. Walionuna na wanune. Hiyo si sifa. Ndiyo iliyomla Baba jicho, ndiyo iliyokuua, na katika kumbukumbu yako hatuiweki.

Mwezi uliopita zamu ya Mama ilifika. Zeya aliomba aingie, akavalishwa joho na kofia, akapenyeza mkono wake chini ya shuka kama ulivyokuwa ukifanya. Mama huyu tunamjua, hajawahi kumwambia hata muuza chai kwamba chai imepoa. Jicho lenyewe ndilo hilo moja lililobaki. Daktari akaanza. Zeya akatazama miguu. Vidole vikaanza kujikunja, naye akafungua mdomo aseme, lakini Mama akamtangulia.

"Inauma! Acheni kwanza, inauma!"

Chumba kizima kikashtuka. Daktari akainua mikono, akangoja, ganzi ikaongezwa. Hakuna aliyeombwa radhi.

Siku ya pili kitambaa kikafunguliwa. Mama akaingia nyumbani bila kushikwa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye picha yako, akaitazama mpaka tukaogopa.

"We mtoto," akasema, "na wewe si ungesema?"

Unakumbukwa na mama yako Daw Ohn Sein, ambaye sasa anaona. Mdogo wako Zeya Kyaing na mkewe Ei Mon. Shangazi Daw Kyin Mya. Na wenzako wote wa wodi ya macho. Watawa wa Kibudha watakula sadaka ya asubuhi hapa nyumbani kwa ajili yako, na mlango uko wazi kwa kila uliyemshika mkono.

Tutakukumbuka daima, Dada, kila mmoja wetu atakapothubutu kusema inauma.